Swali Asiloulizwa Mkwe

Tobias alikuwa na kanuni moja aliyoishika kwa miaka kumi na mmoja, akaivunja mara moja tu. Kanuni yenyewe ilikuwa hii: mgonjwa yeyote anayelalamika kichwa aulizwe maswali matatu kabla hajachomwa kidole. Kichwa kilianza lini? Kilipoanza ulikuwa unafanya nini? Kilichukua muda gani kufikia ukali wake? Maswali hayo hayapunguzwi, na hajibu mtu mwingine maadamu mgonjwa ana kinywa cha kujibia.

Hakuitunga yeye. Aliipata chuoni kwa mwalimu wake wa utabibu, mzee mkali ambaye hakuruhusu mwanafunzi akae mbele ya mgonjwa bila kunawa.

"Kichwa cha malaria," mwalimu alikuwa akiwaambia, "hakina siku ya kuzaliwa. Ukimwuliza mgonjwa atasema tangu juzi, au tangu wiki iliyopita, kinakuja kinapoa. Lakini kuna kichwa kimoja kinachojua saa yake na mahali pake. Mtu huyo atakwambia, nilikuwa nafunga mlango wa zizi. Nilikuwa nimeinama nachota maji. Ndoo bado iko mkononi, na maumivu yameshafika mwisho wake. Huyo mshipa umevuja kichwani. Anaweza kuwa na wadudu wa malaria pia, maana nani hapa hana? Wadudu wasiwapumbaze. Mtoeni maji ya uti wa mgongo, myatazame, na msimrudishe nyumbani."

Tobias alizaliwa Liuli, pwani ya Ziwa Nyasa, mtoto wa fundi seremala wa misheni. Alipomaliza chuo, mwaka 1984, alipata kazi katika hospitali ndogo ya misheni huko juu Umatengo, mahali ambapo mwezi wa saba mtu wa ziwani huvaa makoti mawili na bado akatetemeka. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye mwandiko uliosomeka, jambo lisilo la kawaida kwa watu wa kazi yake. Wagonjwa walimzoea kwa maswali yake. Wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya chumba chake walikuwa wakitaniana.

"Nenda ndani, Bwana Ulikuwa-Unafanya-Nini anakungoja."

"Nitamwambia nilikuwa naiba mihogo."

"Basi ataandika. Yule huandika kila kitu."

Na kweli aliandika. Mwaka wake wa sita kazini, mama mmoja kutoka Liparamba, Albina, aliletwa kwa lori akiwa ameshika kisogo kwa mikono miwili. Kioo cha damu kilionyesha malaria. Tobias akauliza maswali yake matatu. Albina akajibu, "Nilikuwa naanua nguo. Nilishika gauni la mtoto, nikadhani mtu amenipiga rungu nyuma. Nikageuka, hakuna mtu." Tobias hakuhitaji kusikia zaidi. Maji ya mgongo yalitoka na damu. Albina alilazwa chali wiki tatu, haruhusiwi hata kujiinua kunywa uji, kisha akapelekwa Dar es Salaam, kwa watu wanaojua kufungua kichwa. Alirudi amenyolewa nywele, akiwa hai, na miaka iliyofuata alikuwa akimtumia Tobias maharage kila baada ya mavuno.

Kwa hiyo Tobias hakuwa mtu asiyejua. Jambo hilo lazima lisemwe mapema, ili asitafutiwe kisingizio.

Alimwoa Beata, binti wa Edmund wa Mpepai. Edmund alikuwa mkulima wa kahawa na katekista wa kigango, mtu mfupi, mwenye mabega mapana, ambaye hakuwahi kuonekana kanisani bila koti. Posa ilichukua miaka miwili. Tobias alikuwa Mwanglikana, tena mtu wa ziwani, na Edmund alikuwa na neno juu ya yote mawili. "Binti yangu ameshiba maharage ya ngoro, mashimo yetu ya mlimani, tangu utotoni," aliwaambia washenga. "Mnataka kumpeleka akale usipa, dagaa wa ziwa lenu, na miiba yake?" Mwishoni alikubali, kwa sharti kwamba watoto wabatizwe Kikatoliki, na tangu siku hiyo akampenda mkwe wake kwa namna yake, yaani kwa kumtania mbele za watu na kumsifu asipokuwepo.

Tobias naye alimheshimu Edmund kama mkwe anavyopaswa kumheshimu baba wa mke. Hakukaa kwenye kiti kilichoinuka kuliko chake. Hakutaja mbele yake chochote kinachohusu mwili kuanzia kiunoni kwenda chini. Alipomkuta mama mkwe njiani, Ephrasia, aliteremka kwenye baiskeli na kusimama pembeni akitazama majani mpaka apite. Hizo ni adabu njema. Nyumba nyingi zimesimama kwa sababu yake.

Mwaka 1995, katikati ya mavuno ya kahawa, siku ya Jumamosi saa nne asubuhi, Edmund aliingia katika chumba cha Tobias akifuatana na Ephrasia. Alikuwa amevaa koti lake na amefunga kichwa kwa kitambaa cha mkewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari wa usipa. Nimekuja unipe vidonge nirudi. Kahawa imeiva mtini, na wanunuzi wamekwisha anza kupanda na malori yao. Nisipokuwepo vijana watakoboa na mbichi."

Tobias alimkaribisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akachukua kigoda. Alipokaa hivyo, chini ya mgonjwa, alikuwa tayari ameanza kuwa mkwe kuliko tabibu.

"Baba, kichwa kilianza lini?"

"Jana alfajiri, kabla ya kengele ya misa."

Hilo lilikuwa swali la kwanza. La pili likafika kinywani kama lilivyozoea, lakini kabla hajalitoa Edmund aliongeza mwenyewe, kwa haraka ya mtu anayefunga mlango, "Nilikuwa nimelala."

Ephrasia, aliyekaa kwenye benchi la ukutani, aligeuza uso dirishani na kuvuta khanga yake hadi shingoni.

Tobias aliliona hilo. Miaka mingi baadaye hakuwahi kusema kwamba hakuliona. Angekuwa mgonjwa mwingine yeyote angemwuliza, umelala usingizi, au umelala macho? Uliamka nacho, au kilikuja ukiwa macho? Ulikuwa na nani, na mlikuwa mnafanya nini? Alikwisha wauliza watu wazima kwa mamia bila kupepesa, na mwalimu wake wa chuo alikuwa akiwaonya kwa methali kwamba mficha uchi hazai. Lakini huyu alikuwa baba wa Beata, na saa aliyoitaja ilikuwa alfajiri, na mahali alipopataja palikuwa kitandani, na mwanamke aliyegeuza uso alikuwa mama mkwe.

"Kilikuja polepole, baba?" aliuliza.

"Kilikuja tu."

Tobias akaandika: *Aliamka na maumivu ya kichwa.* Akaweka nukta.

Swali la tatu hakuliuliza kabisa. Alimpima presha, ikawa juu, akajiambia ni maumivu. Ilibaki kumkunja shingo, kazi inayotaka kumlaza mgonjwa na kumshika kisogo kwa viganja viwili. Hakuthubutu kumshika mkwe kichwa namna hiyo. "Baba, jaribu kugusa kifua kwa kidevu," alisema kutoka kwenye kigoda. Edmund alishusha kidevu nusu ya safari, akakunja uso. "Shingo imekakamaa kwa baridi," akasema. "Ninyi watu wa ziwani hamjui baridi."

Wakacheka wote wawili, ila Ephrasia.

Bernadi wa maabara alichoma kidole, akarudi na jibu kwamba kuna wadudu, wachache. Jibu hilo Tobias alilipokea kama mtu aliyepewa ruhusa ya kuondoka. Aliandika klorokwini na dawa ya maumivu, akamsindikiza mkwe wake hadi getini akimshikia mfuko. Edmund alipanda gari la padri hadi njia panda, akatembea kilomita nne zilizobaki, zote za kupanda.

Alikunywa dawa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Kichwa kilipungua kikawa kama mzigo uliosahauliwa begani. Jumapili aliongoza ibada bila kuinama. Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa amesimama kwenye mashine ya kukoboa kahawa, akizungusha mpini kwa mkono, maana vijana, kama alivyotabiri, walikuwa wametia na mbichi na mashine ikakwama. Aliusukuma mpini kwa nguvu zake zote. Kisha akauachia, akashika kichwa, akatapika, akaketi chini kwenye maganda.

Walimleta na lori la mnunuzi wa kahawa, amelazwa juu ya magunia. Alikuwa akisikia na kujibu, lakini macho hayakutaka mwanga, na shingo sasa ilikuwa ngumu kama mti.

Mwaka huo homa ya uti wa mgongo ilikuwa imepita vijijini, na kila aliyeona shingo ile aliifikiria. Daktari Ignatio, mganga mkuu wa hospitali, aliagiza maji ya mgongo yatolewe mara moja. Tumpe, muuguzi wa wodi ya wanaume, Mnyakyusa wa Rungwe mwenye sauti isiyojua kunong'ona, alianza kuandaa trei. Ephrasia alipoiona sindano alisimama mlangoni.

"Maji ya mgongo? Hapana, mwanangu. Watu wakitolewa maji ya mgongo hawarudi nyumbani."

"Mama, hawarudi kwa sababu wanaletwa wamekwisha," Tumpe alisema. "Sindano inasingiziwa tu. Ni kama kumlaumu padri kwa kuwa kila anayepakwa mafuta anakufa."

"Huyu naye!" Edmund alisema kwa sauti hafifu kutoka kitandani. "Mwacheni afanye. Ila daktari, huo ni mgongo wa katekista. Usije ukatoboa Kanuni ya Imani."

Tobias alikuwa nje ya pazia. Haikufaa amwone baba mkwe akiwa amefunuliwa mgongo na makalio, kwa hiyo alisimama upande wa pili akisikiliza daktari akisema, "Kunja magoti, mzee. Zaidi. Kama mtoto tumboni." Wote walitazamia maji ya rangi ya maji ya mchele, ambayo ni usaha. Tumpe alitoka na chupa tatu ndogo zilizoandikwa namba, moja, mbili, tatu, kwa mpangilio zilivyojazwa. Zote tatu zilikuwa nyekundu.

Tobias alizichukua kwa mkono wake hadi maabara. Alijua zilichokuwa zikisema. Sindano ikigusa mshipa njiani, chupa ya kwanza huwa nyekundu, ya pili hupungua, ya tatu hukaribia kuwa safi. Hizi zilikuwa sawasawa, kama zimechotwa kisima kimoja. Damu ilikuwa inatoka juu.

"Nani huyu?" Bernadi aliuliza.

"Mzee Edmund."

Bernadi alizipokea chupa. Alimimina sehemu ya chupa ya tatu kwenye mrija wa kioo, akaufunga katika mashine ya kuzungushia, ile ya mpini iliyobanwa kwenye ukingo wa meza, akaanza kuzungusha huku akihesabu kimoyomoyo. Mashine ililia, ikatulia. Aliutoa mrija. Akachukua mrija mwingine, akautia maji safi. Akaiinua yote miwili mbele ya karatasi nyeupe iliyobandikwa karibu na dirisha.

Chembe za damu zilikuwa zimekaa chini kama tope jekundu. Maji yaliyobaki juu yake hayakuwa meupe. Yalikuwa ya njano, njano ya mafuta ya alizeti.

"Mzee ameanza kuugua lini?" Bernadi aliuliza.

"Leo asubuhi. Saa mbili."

Bernadi aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na nusu. "Tabibu, damu iliyomwagika saa mbili haiwezi kuwa na rangi hii saa tano. Ya leo ningeizungusha, chembe zingekaa chini na maji yangebaki kama haya." Aligusa mrija wa maji safi. "Ili yageuke njano, lazima damu ikae mle ivunjikevunjike. Nusu siku, siku nzima, siku kadhaa. Huyu ametoka damu leo, ndiyo. Lakini alikwisha kutoka damu kabla."

Tobias aliushika mrija. Alisema neno moja tu, "Ijumaa."

Maji yale yalikuwa yameitunza tarehe aliyokataa kuiuliza. Alirudi wodini, akamvuta Tumpe hadi kwenye veranda.

"Dada Tumpe, naomba unisaidie. Nenda kamwulize mama, baba alikuwa anafanya nini Ijumaa alfajiri kichwa kilipoanza."

"Si uliandika alikuwa amelala?"

"Nenda ukamwulize."

Tumpe alimchukua Ephrasia hadi nyuma, mahali pa kuanikia mashuka. Tobias aliwaona kwa mbali, yule mama akiwa ameinamisha kichwa, akizungumza na ardhi. Haikuchukua muda mrefu. Tumpe alirudi akifuta mikono kwenye aproni.

"Mama anasema walikuwa wote."

"Wote wapi?"

"Tabibu, usinifanye nitamke kama mtoto wa shule. Alikuwa amelala na mkewe. Katikati ya jambo akapiga kelele, akashika kisogo, akasema amepigwa jiwe. Papo hapo, si polepole. Wewe ulisikia amelala, ukaweka nukta. Sentensi ilikuwa haijaisha."

Tobias alitazama kule kwenye mashuka.

"Na anasema," Tumpe aliendelea, sauti yake safari hii imeshuka, "kwamba Jumamosi alikuwa akiomba moyoni umwulize. Yeye asingeweza kukwambia. Lakini kama ungeuliza, mzee angelazimika kujibu kitu, na yeye angekohoa."

Daktari Ignatio aliposikia yote, hakumgombeza. Aliandika maagizo. Mgonjwa alale chali, dirisha lizibwe kwa blanketi, asijiinue, asikohoe akiweza, asiende haja kwa kujikamua, apewe dawa ya kushusha presha. Wakajadiliana habari ya Dar es Salaam. Huko kulikuwa na mashine ya kupiga picha ya ubongo na madaktari wa kufungua kichwa. Hapo kulikuwa na kitanda. Lakini barabara ya kuteremka hadi Songea ilikuwa ya mashimo mwanzo mpaka mwisho, na mshipa uliokwisha kupasuka mara mbili haustahili mitikisiko. Ndege ndogo ya misheni ingeweza kupatikana Jumamosi. Waliamua kungoja. "Jumamosi iliyopita," daktari alisema, bila ukali, akiwa anatafuta kalamu, "tungemsafirisha akiwa na nguvu zake."

Alhamisi, Tobias aliingia kumwona baba mkwe. Chumba kilikuwa na giza la blanketi. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini?"

"Jumamosi nilipaswa kukuuliza swali nikaliacha. Kama ningeliuliza nisingekuruhusu uende nyumbani."

Edmund alikuwa amefumba macho. "Mama amemwambia Tumpe?"

"Hakusema kwa ubaya, baba."

"Basi mambo yangu yamejulikana wodi nzima." Alijaribu kutabasamu, maumivu yakamkataza. "Sikiliza, mwanangu. Hata ungeniuliza ningekudanganya. Ningekwambia nilikuwa naota. Mimi katekista nimweleze mwanamume aliyemwoa binti yangu kwamba, na umri huu... Ningekudanganya mchana kweupe na kwenda kuungama kwa padri."

"Najua, baba. Ndiyo maana nilipaswa kumtuma mtu mwingine akuulize. Bernadi alikuwepo. Daktari alikuwepo. Nilikuwa na watu."

Edmund alifikiri. "Hilo ni kweli," alisema mwishoni. "Hilo ni kweli, ulikuwa na watu." Kisha akasema amechoka, na Tobias akatoka.

Ijumaa saa moja asubuhi Tumpe alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Alimeza vijiko vitatu. Akasema, "Mwambie Ephrasia," na hakumaliza. Tumpe alimwita mzee, akamwinua kope, akaona mboni moja imepanuka na nyingine haijapanuka. Alikata roho kabla daktari hajafika kutoka nyumbani kwake, ambako si mbali.

Walimzika Mpepai Jumapili, katikati ya kahawa yake. Baada ya mazishi wanaume wa ukoo walikaa sengu, kama Wamatengo wanavyokaa tangu zamani, wakala pamoja kutoka chungu kimoja, kisha wakazungumza. Xavery, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeongoza. Tobias aliitwa, akapewa mahali pa mkwe, karibu na mlango.

"Mkwe wetu," Xavery alisema, "wewe ndiye uliyempokea kwanza. Tunasikia maneno mengi. Wengine wanasema sindano ya mgongo ndiyo iliyomwua. Tuambie."

Hapo palikuwa na njia rahisi. Angeiachia sindano lawama, kama watu walivyotaka. Au angesema ni mapenzi ya Mungu, na watu wote wangeitikia amina.

"Sindano haikumwua," Tobias alisema. "Sindano ndiyo iliyotuonyesha ugonjwa. Mshipa wa kichwa ulipasuka Ijumaa ya wiki ile nyingine. Alikuja kwangu Jumamosi akiwa na ugonjwa huohuo. Kuna swali ambalo humwuliza kila mtu. Yeye sikumwuliza. Nikampa dawa ya malaria, akaenda kuzungusha mashine ya kahawa."

"Swali gani?"

"Ni la tabibu na mgonjwa wake, baba. Siwezi kulisema hapa."

Kijana mmoja aliguna. Xavery alimnyamazisha kwa kumtazama.

"Kwa nini hukumwuliza?"

"Kwa heshima."

"Heshima!" Xavery alisema. "Heshima haijawahi kumwua mtu."

"Imemwua huyu, baba. Nilimheshimu kwa namna mbaya. Nilijilinda mimi nisione aibu, nikaiita heshima yake."

Sengu haikumtoza kitu. Xavery alisema tu kwamba wamesikia, na mtu aliyekiri hapigwi. Lakini chakula kilipoletwa tena hakuna aliyemsogezea chungu.

Beata alimngoja hadi walipofika nyumbani kwao. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. "Ulimwogopa baba yangu kuliko ulivyompenda," alimwambia, akaingia ndani kuwalaza watoto. Aliendelea kuishi naye, akamzalia mtoto mwingine, wakazeeka pamoja. Neno hilo hakulirudia wala hakulifuta.

Tobias alirudi kazini Jumanne. Kwanza alifungua faili la Edmund na kuandika chini ya yale aliyoyaandika Jumamosi, kwa mwandiko wake uleule unaosomeka: *Historia haikuchukuliwa kamili. Mgonjwa hakuulizwa alikuwa akifanya nini. Maumivu yalianza ghafla.* Akatia sahihi na tarehe. Daktari Ignatio alimwambia si lazima. Alijibu kwamba maji yamekwisha kuandika, naye anafuata tu.

Tangu siku hiyo hakumpokea tena ndugu yake, mkwe, wala jirani wa mlango kwa mlango. Alisimama, akamsalimu, akamkabidhi kwa mwenzake, na kumwambia mwenzake kwa sauti, mbele ya mgonjwa, "Mwulize yote." Watu wengine walidhani ana kiburi. Hakuwaeleza.

Wanafunzi wa utabibu walipoanza kuletwa hospitalini kufanya mazoezi, aliwafundisha yale maswali matatu, akaongeza jambo ambalo mwalimu wake hakuwahi kulisema: ukiona huwezi kuliuliza swali, swali bado linahitajika, usiyefaa kuliuliza ni wewe, tafuta mwingine. Hakuwaambia alilijuaje. Alistaafu mwaka 2009, akateremka Liuli.

Ukoo wa Mpepai ulikuwa ukitibiwa kwake kwa miaka kumi. Baada ya mazishi yale hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga chumba chake. Ephrasia aliishi mjane miaka kumi na minne. Swali ambalo halikuulizwa lilimgharimu Edmund uhai wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, kwa ugonjwa ambao tangu siku ya pili ulikuwa unaweza kupimwa hapohapo.